Ning'oe kibanja chote nipande migomba ya chupa?

"Shikamoo mtaalamu. Niko Muleba, mzee wangu ana kibanja cha eka moja na nusu hivi, migomba imechanganyika na mibuni. Aina ni nyingi, yeye anazijua zote kwa majina, mi nazijua nne tano tu. Tangu mwaka jana mnyauko umeingia, mashina kama kumi yamekwisha, ndizi zinaiva mkungu ukiwa bado mchanga na ukikata ndani zina rangi ya kutu. Kuna jamaa wa kitalu ananiambia ning'oe vyote nipande miche ya chupa (ile ya kuzalishwa maabara) ya aina moja, eti hiyo haiugui na inazaa haraka. Mzee amekataa katakata, anasema hiyo ni GMO, itaharibu udongo na mbegu za babu zitapotea. Mi nipo katikati. Je ni kweli ya chupa haishikwi na mnyauko? Ni GMO au sio? Na hizi aina za mzee zina faida gani kama zote zinakufa? Nikipanda hiyo ya chupa ntakula lini?"

Marahaba ndugu yangu, na pole sana kwa mashina hayo kumi maana najua kibanja kwa Mhaya sio shamba tu, ni nyumba yenyewe.

Nikikusoma vizuri una maswali manne lakini hofu ni moja: ukikosea hapa mtakosa chakula na lawama zote zitakuwa zako. Sasa ntakuambia mapema nnachofikiri alafu nieleze kwa nini. Jamaa wa kitalu amekosea kuhusu ugonjwa, mzee amekosea kuhusu GMO (yaani mmea uliobadilishwa jeni maabara), ila kwenye kung'oa kila kitu na kuweka aina moja mi nipo upande wa mzee.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana watu wanachanganya sana. Migomba ina minyauko miwili mikubwa huku kwetu. Mmoja ni wa bakteria, ndo huu wengi wanauita unyanjano, ulijulikana kwanza Ethiopia kwenye mmea wa enset (ndugu wa mgomba) mwaka 1968, ukaja kuonekana Uganda 2001 na Kagera ukathibitishwa 2006. Mwingine ni wa fangasi, wanauita mnyauko wa Panama au fusari. Dalili ulizosema, ndizi kuiva kabla ya wakati na nyama ya ndani kuwa na kutu, ni za bakteria kabisa, lakini hakikisha. Kata shina la mgomba unaoumwa, subiri dakika tano mpaka kumi na tano, ukiona usaha wa rangi ya krimu au manjano unatoka pale ulipokata basi ni bakteria. Ukiona hakuna usaha ila kuna mistari ya kahawia au nyekundu inapanda kwenye shina, na majani ya chini yamegeuka manjano yananing'inia kama sketi, hiyo ni fusari na hadithi yake ni nyingine. Tofauti hii sio ndogo: bakteria wa unyanjano bila mgomba hawakai sana kwenye udongo, ni miezi tu, lakini fangasi wa fusari anakaa miaka mingi sana, watoto wako wanaweza kumkuta.

Sasa chupa. Hakuna uchawi mle ndani. Fundi wa maabara anachukua chipukizi changa, anamenya tabaka moja moja mpaka anabaki na kile kincha cha katikati kinachoota, kidogo kama ncha ya kidole, anakiosha na jiki iliyozimuliwa, anakiweka kwenye chupa yenye kitu kama jeli ambayo ina sukari, chumvi za madini na homoni za mmea. Hizo homoni zinakiambia kincha kitoe machipukizi mengi badala ya moja. Baada ya wiki tatu nne wanakigawa, kila kipande chupa yake, wanarudia tena na tena, kwa hiyo kutoka chipukizi moja unapata mamia. Mwishoni wanabadilisha homoni, miche inaota mizizi, inahamishiwa kwenye kitalu chenye unyevu mwingi izoee hewa ya nje, maana ikitoka chupani ni laini kama mtoto wa njiti, ikipigwa jua siku hiyohiyo imekwisha. Baada ya miezi miwili mitatu ndo unauziwa.

Kwa nini inatoka safi? Kwanza ile jeli yenye sukari ni chakula kizuri mno cha bakteria na fangasi. Kama kincha kilikuwa na wadudu hao, mara nyingi chupa inachafuka ndani ya siku chache, unaona ukungu au utelezi mweupe, inatupwa. Pili bungua na minyoo ya mizizi hawana pa kujificha kwa sababu udongo haupo. Virusi ndo shida, hao wanakaa ndani ya seli zenyewe na wanaweza kupita chupani bila dalili yoyote, hasa kile kirusi kinachofanya majani ya juu yasongamane yawe kama shada, Kongo na Burundi wanakijua vizuri. Ndo maana maabara ya kweli inapima virusi kwenye mgomba mama kabla ya kuanza, na maabara ya ujanja ujanja haipimi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: hapana. Mche wa chupa umezaliwa safi, haujapewa kinga. Ni kama shati lililotoka kufuliwa, ukilivaa ukaingia nalo tope linachafuka kama la jana. Ukiupanda pembeni ya shina lenye unyanjano, ukatumia panga lilelile, ua dume (lile la ncha ya mkungu) ukaliacha nyuki na inzi waje na uchafu wa jirani, utaugua na pengine utaugua vibaya zaidi kwa sababu huo mche ni laini na wote ni umri mmoja. Na hili naomba ulishike: mpaka leo hakuna ndizi ya kula au kupika inayolimwa ambayo ina kinga kamili ya unyanjano. Ukinzani wa kweli umepatikana kwenye mgomba pori, Musa balbisiana, ule wa mbegu ngumu ambao hutaki kuuona kwenye sahani. Mtu akikuambia aina yake haiugui unyanjano muulize inaitwaje, alafu nenda na hilo jina kwa watafiti kabla ya kutoa hela.

GMO sasa. Mche wa chupa sio GMO. Jeni za mgomba zinabaki zilezile, mama na mtoto ni kitu kimoja, kama vile mzee anavyokata chipukizi na kupanda pengine. Kwenye chupa kinachoweza kutokea ni kingine: ukikigawa kincha mara nyingi kupita kiasi, baadhi ya miche inatoka na hitilafu, mifupi isiyo ya kawaida, majani yenye mabaka, mkungu wa ajabu. Hiyo inatokea yenyewe, hakuna aliyeingiza kitu, na dawa yake ni maabara kuwa na nidhamu ya kuacha kugawa baada ya mizunguko kadhaa na kurudi kwa mama mpya. Udongo hauharibiki kwa hilo.

Mzee hajatoa hofu yake hewani lakini. Migomba ya GMO ipo kweli, ila haipo kwenye kitalu cha Muleba. Uganda, pale Kawanda, watafiti wa NARO (shirika la utafiti wa kilimo la Uganda) na IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto) waliingiza jeni kutoka pilipili hoho kwenye migomba ili ihimili unyanjano, majaribio ya shambani yakaanza 2010 na ilihimili vizuri. Haijamfikia mkulima. Bunge lao lilipitisha mswada wa sheria ya GMO 2017, rais akaurudisha. Kwetu Tanzania wizara ya kilimo iliagiza Novemba 2018 majaribio ya GMO yasimamishwe. Australia ndo waliidhinisha 2024 ndizi ya aina ya Cavendish iliyobadilishwa jeni. Mi binafsi sina ugomvi na ile ya pilipili hoho, nafikiri ni kazi nzuri, lakini hilo ni suala la sheria na la watu kuamua, halihusiani na mche unaouziwa leo. Mwambie mzee hivo, taratibu, akiwa ameshiba.

Kuna kundi la tatu ambalo watu wanalichanganya na GMO pia: mahuluti. Hapo wamechukua chavua ya mgomba mmoja wakaipaka kwenye ua la mwingine, basi, kama nyuki anavyofanya. FHIA kutoka Honduras ambazo zilisambazwa sana Kagera ni za hivyo, na hizi za karibuni zinazoitwa TARIBAN pia, zimetokana na kazi ya NARO, IITA na TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo. Hizi zilitafutwa hasa kwa ajili ya kuhimili ugonjwa wa majani meusi, sigatoka, na kuzaa mikungu mizito. Kwa unyanjano bado unatakiwa kuchunga kama kawaida.

Na kuzaa hayo mahuluti ni kazi ya miaka kweli kweli, na hapa ndo tunaingia kwenye aina za mzee. Ndizi zetu za kupika zina seti tatu za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), kila seti kumi na moja, jumla 33. Mmea ukitaka kutengeneza chavua au yai inabidi ugawe kwa mbili, sasa tatu utaigawaje kwa mbili? Haigawanyiki sawa, ndo maana ndizi haina mbegu. Sisi tunafurahia ulaini, mtafiti analia. Kawanda iliwabidi watafute migomba michache ya kienyeji ambayo ikipakwa chavua ya mgomba pori inakubali kutoa mbegu chache sana, alafu vijusi vya mbegu hizo vinatolewa na kukuzwa maabara kwa sababu vikiachwa kwenye udongo vingi havioti. Yaani aina kadhaa tu za kienyeji, zilizotunzwa na bibi za watu kwenye vibanja, ndo zilifungua mlango wa mahuluti ya Kawanda. Zingekuwa zimeng'olewa mapema mlango ungebaki umefungwa na hakuna ambaye angejua ulikuwepo.

Ila nisikudanganye ili kumfurahisha mzee. Watu wanafikiri kwa kuwa kuna Nshakara, Enjubo, Nyoya, Entobe, Enchoncho na nyingine kibao, basi ugonjwa ukija utaua moja na kuziacha nyingine. Utafiti wa DNA uliochapishwa 2016 uliangalia aina nyingi za ndizi hizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki ukakuta kitu cha kushangaza: karibu zote zinaonekana zimetoka kwenye mgomba mmoja wa zamani. Majina yote hayo ni ya mabadiliko madogo madogo yaliyojitokeza kwenye machipukizi kwa karne nyingi, na mkulima mmoja akaona chipukizi lile lina kitu tofauti, akalitenga, akalipa jina. Kwa hiyo kwa jicho la jeni utajiri wa kibanja chenu ni mwembamba kuliko unavyoonekana kwa macho, na ndo maana unyanjano unazishika zote.

Sasa usikimbilie kusema basi hazina faida. Angalia ua dume. Mgomba mwingi, magamba ya ua dume yakikunjuka yanadondoka, kinabaki kidonda kibichi na utomvu, mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa anatua pale anaacha bakteria. Ile aina ya Waganda inayoitwa Nakitembe magamba yake hayadondoki, yanakauka yakiwa bado yameshika, mlango umezibwa, na aina hiyo huwa inaponyoka ule ugonjwa wa kuletwa na wadudu zaidi ya wenzake. Mabadiliko madogo kiasi hicho, ambayo mkulima wa zamani aliyapenda labda kwa sura tu, leo yanaokoa mkungu. Kinyume chake ile Kainja ya pombe inadondosha magamba vizuri mno na ndo inayoshikwa haraka kuliko zote, kama mnayo karibu na mpaka wa jirani anza kuichunga hiyo. Mzee akikuambia aina fulani ndani ya kibanja haijaugua wakati majirani zake wameugua, usimpuuze, kaa naye uandike jina, ilipo, na ua dume lake likoje. Inaweza kuwa bahati tu, na inaweza isiwe.

Alafu kuna faida za chakula ambazo maabara haizipimi vizuri: ipi inaiva lini, ipi inavumilia kiangazi, ipi ya mgeni, ipi ya rubisi (pombe ya ndizi). FHIA zinazaa mkungu wa kuogopesha lakini kwenye sufuria Wahaya wengi niliowasikia wanasema bado Nshakara ni Nshakara, na mi nakubaliana nao.

Hatari ya aina moja dunia imeshaiona. Gros Michel ilikuwa ndo ndizi ya biashara ya dunia nzima, mashamba ya Amerika ya Kati kloni moja (yote nakala za mgomba mmoja) mwanzo mwisho, fusari ikaimaliza, kufikia miaka ya 1960 biashara ikahamia Cavendish. Cavendish nayo ni kloni moja, na fusari ya aina mpya inayoiua ilionekana Msumbiji 2013, sio mbali na sisi. (Kuna utamu hapa: uchunguzi wa jeni unaonyesha ndugu wa karibu wa Mchare, ile ya Wachaga, ndo mmoja wa wazazi wa Gros Michel na Cavendish. Ndizi ya supamaketi ya Ulaya ina ukoo Afrika Mashariki.) Ndo maana kuna benki ya migomba Leuven, Ubelgiji, iliyoanza 1985, ina aina zaidi ya 1,500 kwenye chupa na nyingine zimegandishwa kwenye naitrojeni ya maji nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa sababu mmea usio na mbegu huwezi kuuweka kwenye gunia. Karibu na nyumbani, TARI Maruku pale Bukoba wana shamba la mkusanyiko. Lakini kibanja cha mzee nacho ni benki, na hakina gharama ya umeme.

Basi ufanye nini. Mashina kumi kwenye eka moja na nusu sio hali ya kung'oa yote. Kuna njia iliyojaribiwa sana Kivu, Kongo mashariki: unakata ule mgomba mmoja tu wenye dalili, usawa wa ardhi, unaacha wenzake kwenye shina, kwa sababu bakteria mara nyingi hawafiki kwa mama, mtoto na mjukuu wote. Ila unapita kila wiki bila kuruka, na ukiona mwingine una dalili unakata tena. Inachosha mwanzoni alafu mizunguko ya kukata inapungua. Ulichokata kisiburutwe kibanja kizima, kirundike palepale, na mbuzi na ng'ombe wasisogee.

Panga ndo adui yako mkubwa kuliko mdudu. Kila ukitoka shina moja kwenda lingine lipitishe kwenye moto mpaka chuma kishindwe kushikika, au lichovye kwenye jiki. Najua inaudhi, na najua vibarua hawatafanya usipokuwepo. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda mara tu chane ya mwisho ikitokeza, usitumie panga kwa hiyo kazi kabisa. Na majani ya kufungia chakula usiruhusu mtu aje kukata na panga lake, hata kama ni shemeji.

Pale mashina yalipokufa kabisa ng'oa, acha nafasi miezi sita, panda maharage au mahindi. Baada ya hapo ndo nunua miche ya chupa, michache, ya aina mbili tatu, ikae sehemu moja uione inavyoenda. Ukienda kununua muulize muuzaji mgomba mama ulitoka wapi, ulipimwa virusi, na ana kibali cha TOSCI (taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu). Akianza kukasirika, ondoka. Mche wa chupa unakula: shimo kubwa, samadi ya kutosha, matandazo, na maji miezi ya kwanza. Ukiupanda kwenye udongo uliochoka na kuuacha utakuwa umenunua hasara ya bei ghali, tena chipukizi la kawaida lingekushinda.

Kuhusu aina za mzee, waulize Maruku kama wanaweza kuzizalisha chupani zile mnazozipenda, watu wengi hawajui kwamba chupa inakubali mgomba wowote, sio wa kisasa tu. Kama haiwezekani kuna njia ya bei rahisi, tunguu (kile kiazi cha chini ya shina) la mgomba wenye afya linamenywa, linakwanguliwa vikonyo, linafukiwa kwenye pumba za mbao ndani ya sanduku la nailoni lenye unyevu, unapata miche kumi, ishirini na zaidi kwa miezi michache. Lakini tunguu hilo lisitoke kwenu kwa sasa. Mgomba unaweza kuwa na bakteria ndani bila dalili, ukilizidisha unazidisha ugonjwa. Tafuta aina hiyohiyo kwa ndugu ambaye kwake hakujawahi kuingia unyanjano. Na kwa sababu hiyohiyo usimpe mtu chipukizi kutoka kibanjani kwenu hata akiomba kwa heshima zote.

Kula utakula lini? Mche wa chupa ukitunzwa unatoa mkungu wa kwanza mwaka mmoja na miezi kadhaa, kwa baridi ya huko juu hesabu hadi mwaka na nusu. Jumlisha ile miezi sita ya kupumzisha. Sasa piga hesabu ungekuwa umeng'oa kibanja chote, familia ingekula nini miaka miwili.

Mambo ambayo siwezi kuyaamua nikiwa mbali ni haya. Kama ulipokata shina hukuona usaha ila mistari ya kahawia, kama majani ya juu yamesongamana na mgomba umedumaa, au kama baada ya miezi mitatu ya kukata kila wiki idadi haishuki, mwite afisa ugani aje aone kwa macho, na omba sampuli ipelekwe Maruku. Usibebe kipande cha mgomba mgonjwa kwenye basi mwenyewe, piga simu kwanza wakuambie wanakitaka vipi. Na siku afisa akija mzee awepo, yeye ndo anajua shina lipi lilianza.